Ukungu bafuni: Namna ya kuutambua na kuuondoa katika nyumba za Nyeri na miji ya Mlima Kenya

MSIMU wa baridi unapotanda katika miji iliyo chini ya Mlima Kenya, kati ya Juni na Agosti, vidoa vidogo vyeusi huanza kujitokeza katika pembe za bafu za nyumba nyingi za Nyeri, Othaya, Karatina na Kerugoya. Mara ya kwanza hudhaniwa kuwa uchafu wa kawaida. Wiki chache baadaye vidoa hivyo huwa vimeungana, harufu ya nguo zilizolala na maji hujaa chumbani, na familia iliyokuwa ikioga humo bila wasiwasi huanza kujiuliza iwapo ukuta huo unaidhuru.

Kiswahili kina neno moja, ukungu, kwa ule mvuke unaofunika mlima alfajiri na kwa viumbe hai wa jamii ya kuvu wanaoota ukutani. Jina hilo halikukosea sana, maana katika nyanda hizi ukungu wa nje na ule wa ndani huletwa na jambo moja, nalo ni unyevu uliokutana na baridi.

Mji wa Nyeri upo zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kati ya Mlima Kenya wenye urefu wa mita 5,199 na safu ya milima ya Nyandarua. Mvua za masika zinapokwisha mwezi Mei, jua halirudi mara moja. Mawingu mazito hufunika anga kwa siku nyingi mfululizo na manyunyu huanguka asubuhi, majira ambayo wakulima wa Kikuyu huyaita gathano. Kila mwaka Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa huwatahadharisha wakazi wa nyanda za juu zilizo mashariki ya Bonde la Ufa kuhusu baridi hiyo, ambayo aghalabu hufikia kilele mwezi Julai.

Katika hali hiyo ukuta wa mawe unaotazama nje hupoa na kubaki baridi mchana kutwa. Mtu anapofungua maji ya moto, hewa ya bafuni hupata joto na kujaa mvuke. Hewa yenye joto la nyuzi 25 inaweza kubeba takriban gramu 23 za mvuke katika kila mita moja ya ujazo, ilhali hewa hiyo hiyo ikipozwa hadi nyuzi 12 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 11 hivi. Tofauti hiyo haina pa kwenda ila kugeuka matone ukutani, kwenye kioo na darini. Chembe za ukungu, ambazo zimo katika hewa ya kila nyumba duniani, hazihitaji zaidi ya hapo. Zikipata unyevu kwa siku moja au mbili, pamoja na chakula kidogo kama vile mabaki ya sabuni, ngozi iliyopukutika mwilini, rangi au mbao, huanza kuota.

Si miji yote ya eneo hili iliyo sawa. Nanyuki, ingawa uko juu zaidi ya Nyeri, umo upande mkavu wa mlima na hupata jua la kutosha. Kwa sababu hiyo, bafu linaloota ukungu Nanyuki mwezi Februari linapaswa kutiliwa shaka ya bomba linalovuja kabla ya kulaumiwa hali ya hewa. Embu ina joto zaidi, na shida kubwa huko huwa wakati wa mvua yenyewe.

Wazee wa eneo hili hawakuwa na tatizo hili, na sababu yake ni rahisi. Katika nyumba ya msonge ya Wakikuyu moto uliwaka katikati, na moshi wake ukakausha nyasi za paa pamoja na kila kilichoning'inizwa chini yake. Kuoga kulifanyika nje. Hata bafu la mabati lisilo na paa, ambalo bado lipo nyuma ya nyumba nyingi za mashambani Tetu na Mukurwe-ini, halioti ukungu wa kutajika kwa kuwa upepo na jua huingia humo bila kubisha hodi. Balaa ilianza bafu lilipohamishiwa ndani ya nyumba, likazungushiwa vigae, likawekewa kichwa cha maji ya moto ya umeme na dirisha lenye ukubwa wa kitabu.

Hata dirisha hilo mara nyingi halifunguliwi. Nyumba za zamani zilijengwa na matundu ya hewa ya kudumu juu ya madirisha, yaliyowekewa wavu wa kuzuia wadudu. Baridi ikizidi, wakazi huyaziba kwa magazeti na matambara. Baadhi ya majengo mapya ya kukodisha hayana matundu hayo kabisa, na bafu hufunguka kwenye ukumbi wa ndani ambako hakuna upepo unaofika. Hilo ni kosa la mchoro, na hakuna sabuni itakayolirekebisha.

KUTAMBUA

Kabla ya kununua dawa yoyote, mwenye nyumba anapaswa kuhakikisha kwamba anachokiona ni ukungu kweli. Ukungu hujitokeza kama vidoa vya mviringo vinavyopanuka, vyeusi, kijani kibichi au kijivu, aghalabu katika pembe za dari, katika mistari iliyo kati ya vigae na katika silikoni inayozunguka beseni. Tone moja la dawa ya klorini ya kufulia, ile ambayo wengi huiita jiki, likidondoshwa juu ya doa, ukungu hufifia rangi katika dakika chache. Masizi na uchafu mwingine hubaki vile vile.

Unga mweupe unaochomoza kwenye plasta si ukungu. Ni chumvi iliyoletwa na maji yanayopita ndani ya ukuta, na ukiulowesha huyeyuka. Hata hivyo, haifai kuupuuza kwa sababu ni ushahidi kwamba ukuta unakunywa maji kutoka mahali fulani. Utelezi wa rangi ya waridi unaoonekana kwenye sakafu na kwenye pazia la bafu nao si ukungu, bali ni bakteria, na aghalabu huondoka kwa sabuni na brashi ingawa hurejea upesi.

Swali lenye uzito zaidi ni hili: maji yanatoka wapi? Kuna njia isiyo na gharama ya kulijibu. Kipande cha karatasi ya plastiki chenye upana wa futi moja hivi hubandikwa ukutani kwa utepe pande zote nne, mahali pakavu palipo karibu na doa, na kuachwa siku moja au mbili. Matone yakipatikana juu ya plastiki, upande wa chumbani, unyevu unatoka katika hewa, na dawa yake ni kuingiza hewa. Yakipatikana nyuma ya plastiki, unyevu unatoka ndani ya ukuta.

Unyevu wa ndani ya ukuta una vyanzo vitatu vya kawaida. Cha kwanza ni bomba linalovuja, ambalo hutambuliwa kwa kufunga mifereji yote usiku na kusoma mita ya maji, kisha kuisoma tena asubuhi kabla ya mtu yeyote kutumia maji. Cha pili ni paa au mfereji wa mabati uliotoboka, ambao doa lake hukua baada ya mvua. Cha tatu ni maji yanayopanda kutoka ardhini kwa sababu msingi haukuwekewa ile karatasi ya kuzuia unyevu ambayo mafundi huiita DPC, au iliwekwa na baadaye ikafukiwa na udongo wa bustani. Doa la aina hii huanzia sakafuni na kwa kawaida halipandi zaidi ya mita moja hivi.

Wengi huwa na hamu ya kujua aina ya ukungu walio nao, hasa ukiwa mweusi. Hofu hiyo ina historia. Katika miaka ya 1990, watoto wachanga kadhaa mjini Cleveland, Marekani, walivuja damu mapafuni, na wachunguzi wakataja ukungu uitwao Stachybotrys. Mwaka 2000 taasisi ya serikali ya nchi hiyo ya kudhibiti magonjwa, CDC, iliupitia uchunguzi huo upya na kusema kwamba uhusiano huo haukuthibitishwa, lakini kufikia wakati huo maneno ya "ukungu mweusi wa sumu" yalikuwa yamekwishasambaa duniani. Ukungu wa vigae vya bafu kwa kawaida ni wa jamii nyingine kabisa, na rangi peke yake haitambulishi aina. Taasisi hiyo hiyo inashauri kwamba hakuna haja ya kulipia vipimo: ukungu wa aina yoyote unapaswa kuondolewa, na njia ya kuuondoa ni moja.

Hayo hayamaanishi kwamba haudhuru. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo kuhusu unyevu na ukungu majumbani, likieleza kwamba wanaoishi katika nyumba zenye unyevu wamo katika hatari kubwa zaidi ya kupata matatizo ya kupumua, maambukizi ya njia ya hewa na kuzidiwa na pumu. Nchini Uingereza, mtoto wa miaka miwili alifariki Desemba 2020 katika mji wa Rochdale, na mwaka 2022 mchunguzi wa vifo akaamua kwamba chanzo kilikuwa ugonjwa wa njia ya hewa ulioletwa na kukaa muda mrefu katika nyumba iliyojaa ukungu. Wazazi wake walikuwa wamelalamika mara kadhaa. Sheria iliyopewa jina la mtoto huyo, inayowapa wenye nyumba za umma muda maalum wa kurekebisha kasoro za namna hiyo, ilianza kutekelezwa Oktoba 2025.

Kwa hiyo mtoto mwenye pumu, mgonjwa ambaye kinga yake imedhoofika, au mtu aliyewahi kuugua kifua kikuu kikamwachia mashimo mapafuni, hapaswi kupewa kazi ya kusugua ukuta huo wala kuwa karibu unaposuguliwa. Kikohozi kinachopungua mtu anaposafiri na kurudi anaporejea nyumbani ni jambo la kumweleza daktari.

KUSAFISHA

Eneo lisilozidi mita moja mraba hivi linaweza kusafishwa na mwenye nyumba mwenyewe. Likizidi hapo, au plasta ikiwa inamomonyoka, ni heri kumwita fundi, maana kazi iliyobaki si ya usafi tena bali ya ujenzi.

Swichi kuu ya kichwa cha maji ya moto izimwe kabla ya tone la maji kurushwa ukutani. Dirisha lifunguliwe, mlango wa vyumba vya kulala ufungwe, na anayefanya kazi avae glavu za mpira, barakoa na kitu cha kukinga macho. Ukungu mkavu usifagiliwe, kwani kufanya hivyo ni kuzitawanya chembe zake nyumba nzima. Kwanza ukuta huloweshwa kwa maji ya sabuni na kusuguliwa kwa brashi ngumu. Mswaki mzee hufaa katika mistari ya vigae. Uchafu wote ukishatoka, ukuta husuuzwa.

Katika vigae na sehemu nyingine zisizonyonya maji, hatua hiyo mara nyingi hutosha. Madoa yakibaki, dawa ya klorini huchanganywa na maji, kikombe kimoja cha robo lita kwa lita nne za maji, na si zaidi. Hupakwa, huachwa kwa dakika kumi hivi, kisha husuuzwa na ukuta kukaushwa kwa kitambaa. Siki nyeupe isiyochanganywa na kitu pia hutumiwa na wengi, na haina harufu inayokaba koo.

Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko ukungu wenyewe. Klorini haichanganywi na siki, wala na dawa ya kuoshea choo yenye asidi, wala na dawa yoyote yenye amonia kama vile baadhi ya zile za kusafishia vioo. Michanganyiko hiyo hutoa hewa ya sumu inayochoma mapafu, na bafu dogo lililofungwa ni mahali pabaya pa kuivutia. Mtu aliyetumia moja na kutaka kujaribu nyingine asuuze kwanza kwa maji mengi na kusubiri siku ipite.

Klorini ina udhaifu mwingine ambao wauzaji hawautaji. Kwenye plasta, mbao na grauti iliyochakaa, maji yake huzama ndani na kuulisha unyevu ukuta, huku nguvu ya dawa ikiishia juu. Doa hupauka, mwenye nyumba hufurahi, na mwezi haujaisha kabla ya ukungu kurudi kutoka mahali ulipokuwa umejificha. Silikoni iliyoingiwa na weusi hainuki safi kwa kusuguliwa. Hukatwa kwa kisu, sehemu ikakaushwa kabisa na mpya ikawekwa. Dari ya jipsamu iliyolowa na kuota ukungu nayo hutolewa, kwa kuwa karatasi inayoifunika ni chakula kizuri cha kuvu.

Kupaka rangi juu ya ukungu ndio ujanja unaofanywa zaidi na wenye nyumba kabla ya kumwonyesha mpangaji mpya. Rangi ya mafuta hung'aa vizuri kwa wiki chache, kisha huanza kufura na kubanduka kama ganda la kiazi. Anayetafuta nyumba mwezi Januari angefanya vyema kunusa bafu, kugusa ukuta wa nje na kutazama nyuma ya mlango, mahali ambapo brashi ya mpaka rangi haikufika.

Baada ya kusafisha, kinachobaki ni kuukausha ukuta kila siku, na hapa wakulima wa Nyeri hawana haja ya mwalimu. Kahawa iliyooshwa hutandazwa kwenye vitanda vya kuanikia, hugeuzwa mara kwa mara, hufunikwa mvua inapotishia, na haiwekwi ghalani mpaka unyevu wake ushuke hadi takriban asilimia 11 au 12, la sivyo itaota ukungu na kukosa bei. Mahindi nayo hukaushwa hadi asilimia 13.5. Mwaka 2004, mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu katika maeneo ya Makueni na Kitui yalizaa sumukuvu iliyoua watu 125. Ukungu wa bafuni si ule wa mahindi na hauliwi, lakini kanuni ya kuuzuia haina tofauti. Kaya inayojua kuigeuza kahawa mara kadhaa kwa siku haishindwi kuacha dirisha wazi kwa nusu saa.

Dirisha lifunguliwe wakati wa kuoga na baada yake, mlango wa ndani ukiwa umefungwa ili mvuke usihamie vyumbani. Matone yaliyo ukutani na kwenye vigae hufutwa kwa kitambaa au kwa kifaa chenye ukingo wa mpira, kazi ya dakika mbili. Pazia la bafu hunyooshwa badala ya kuachwa limekunjamana. Taulo na nguo mbichi hazianikwi humo. Mahali pasipo na dirisha la nje, feni ndogo ya kutoa hewa ndiyo suluhisho, mradi bomba lake lifike nje na lisiishie juu ya dari, ambako litahamishia ukungu kwenye mbao za paa. Anayemiliki kipimo cha unyevu wa hewa alenge kiwango kisichozidi asilimia 60.

Jiko la makaa lisiingizwe bafuni wala chumbani kwa nia ya kukausha ukuta. Kila msimu wa baridi husikika habari za watu waliolala na jiko ndani wasiamke, waliouawa na kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Hita ya gesi nayo haisaidii, kwa kuwa kila kilo moja ya gesi inayochomwa hutoa zaidi ya lita moja na nusu ya maji kama mvuke.

MPANGAJI NA MWENYE NYUMBA

Mgogoro huzuka pale ukungu unaporudi licha ya usafi, na kila upande kumlaumu mwenzake. Mwenye nyumba husema mpangaji hafungui madirisha, naye mpangaji husema paa linavuja. Jaribio la plastiki lililoelezwa juu lina faida hapa pia, kwani huonyesha ni nani mwenye haki. Unyevu wa hewa aghalabu ni mzigo wa anayeishi humo, isipokuwa kama hakupewa dirisha la kufungua. Bomba, paa na msingi ni mzigo wa mwenye jengo.

Sheria haiko kimya. Kifungu cha 65 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 kinamtaka anayekodisha nyumba ya kuishi ahakikishe inafaa kukaliwa na binadamu tangu mkataba unapoanza hadi unapokwisha. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makao ya kutosha na viwango vya usafi vinavyofaa. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, ambayo ni ya tangu enzi ya ukoloni, inaihesabu nyumba iliyo katika hali ya kuhatarisha afya kuwa kero, na kuruhusu mwenye jengo apewe ilani ya kuiondoa kero hiyo katika muda uliotajwa. Maafisa wa afya ya umma, ambao tangu ugatuzi uanze mwaka 2013 wamo chini ya serikali za kaunti, ndio wa kupelekewa malalamiko hayo.

Malalamiko ya mdomo hayaachi alama. Mpangaji anashauriwa kuandika barua au ujumbe wa simu wenye tarehe, kupiga picha za doa likiwa dogo na likiwa limekua, na kuhifadhi nakala. Kuzuia kodi kwa hasira, kabla ya kufuata njia hizo, huishia kwa mlango kufungwa kwa kufuli na mali kuzuiliwa, na kesi ya ukungu kugeuka kesi ya deni.

Kwa mwenye jengo aliyeamua kurekebisha, wakati una maana kuliko fundi. Plasta mpya huhitaji takriban wiki nne kukauka katika hali nzuri, na zaidi ya hapo wakati wa gathano. Kazi ya kubandua vigae, kuziba ukuta na kupaka rangi hufaa kuanza Januari, mvua za vuli zikiwa zimekatika, ili ukuta upate wiki sita au saba za jua kabla ya masika ya Machi. Anayeianza Juni kwa sababu ndipo madoa yalipoonekana atafunga unyevu ndani ya rangi mpya, na kumlipa fundi mara ya pili.